Wamakua wa Kings Rest

Leo nakuomba tusafiri pamoja hadi Durban, jiji la bandari katika mkoa wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wasikilizaji wetu walioko huko wananiletea swali moja mara kwa mara, ingawa kila mmoja analiuliza kwa njia yake. Wanauliza: nitajiaminije mahali ambapo nikifungua mdomo tu watu wanajua mimi si wa hapa?

Anayeuliza ni kijana wa Bukavu mwenye kazi ya kulinda magari yaliyoegeshwa karibu na ufukwe. Anategemea sarafu anazopewa na madereva, na kwao alisoma hadi chuo. Ni dada wa Tanga anayesuka nywele saluni. Akipigiwa simu na mama yake akiwa ndani ya daladala, ambazo wenyeji huziita teksi, haipokei mpaka ashuke. Ni baba wa Uvira ambaye mtoto wake amemwomba asije tena kumchukua langoni mwa shule, kwa sababu wenzake watamsikia anavyozungumza.

Majibu yanayotolewa siku hizi nayajua, na wewe unayajua. Simama mbele ya kioo, ujiambie kwamba unaweza. Kuwa wewe mwenyewe, usijali watu wanasema nini. Tunayasikia kwenye semina, tunatumiwa kwenye simu, tunahubiriwa. Sisemi ni mabaya. Nasema hayamfikii yule kijana wa Bukavu mahali panapomuuma. Kijana yule anajijua vizuri sana, anajua alikosoma, anajua baba yake ni nani na babu yake alizikwa wapi. Kinachomnyong'onyeza ni kwamba katika mtaa mzima anaposimama kutwa nzima, hakuna mtu mwingine anayeyajua hayo.

Nataka kueleza imani yangu juu ya jambo hili, na nitaieleza kwa kupitia watu wa Durban yenyewe. Wengi wetu huku Afrika Mashariki hatujawahi kuwasikia, ijapokuwa wamebeba jina letu kwa zaidi ya miaka 150. Wanaitwa Wazanzibari.

Turudi nyuma hadi mwaka 1873. Tarehe 5 Juni mwaka huo, Sultani Barghash bin Said alitia saini mkataba na Waingereza. Soko la watumwa la Unguja likafungwa, na kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku. Manowari za Kiingereza tayari zilikuwa zikiyavizia majahazi ya watumwa kati ya pwani ya Msumbiji, Ngazija na Unguja. Watu waliokutwa wamepakiwa humo walihesabiwa kuwa huru tangu saa hiyo. Sasa, huru waende wapi? Kuwarudisha kwao ilikuwa kuwarudisha kwenye njia zile zile walikotekwa. Baadhi ya watu wa namna hiyo walipelekwa Shelisheli. Baadhi waliwekwa Frere Town, kule Kisauni, Mombasa, kwenye kituo cha wamisionari kilichoanzishwa mwaka 1875, na mpaka leo kengele ya kituo kile ndiyo iliyolipa eneo jina la Kengeleni. Na baadhi wakapelekwa Natal, koloni la Waingereza iliko Durban.

Natal kulikuwa na sababu yake ya kuwataka. Wenye mashamba ya miwa walikuwa wanalia na uhaba wa vibarua, hata baada ya kuanza kuwaleta Wahindi kwa mikataba tangu mwaka 1860. Basi Agosti 1873 manowari iitwayo Briton ikafika Durban na kundi la kwanza. Hadi kufikia mwaka 1880 walikuwa wameshushwa watu takriban 500. Wengi wao walikuwa Wamakua wa kaskazini ya Msumbiji. Unguja hawakuzaliwa, wala wengi hawakuishi. Waliitwa Wazanzibari kwa kuwa Unguja ndiko walikopandishwa meli, na serikali ya Natal haikutaka kujua zaidi ya hapo. Wakafungishwa mikataba ya kazi, chini ya ofisi ile ile iliyowasimamia vibarua wa Kihindi.

Hebu mfikirie mmoja wao, msikilizaji. Ametekwa bara, ameuzwa pwani, amepakiwa jahazini usiku, amekamatwa na manowari, ameshushwa Unguja, amepandishwa meli nyingine, na sasa yuko katika nchi ambayo hajui hata wenyeji wake wanaamkianaje. Karani asiyejua lugha yake anamwandika daftarini. Mtu huyo ukimwambia "kuwa wewe mwenyewe", atakutazama tu. Mama yake hayuko. Ukoo wake hauko. Kijiji kilichokuwa kikimwita kwa jina lake kiko mwezi mzima wa safari, na huenda kimeshachomwa.

Sasa angalia walichofanya. Mikataba ilipoisha, wengi wao walikusanyika mahali pamoja. Walihamia Bluff, ule mgongo mrefu wa ardhi unaoikinga bandari ya Durban upande wa kusini, na pale katika eneo liitwalo Kings Rest wakajenga maisha yao. Ardhi waliipata kwa msaada wa wadhamini wa Juma Musjid, msikiti mkubwa wa Grey Street ulioanzishwa mwaka 1881 na wafanyabiashara Waislamu kutoka India. Mtaa ule siku hizi unaitwa Dr Yusuf Dadoo Street, na msikiti upo pale pale, umepakana na kanisa kuu la Kikatoliki la Emmanuel. Wale walioingia Ukristo walikuwa na misheni yao ya Kikatoliki huko huko Bluff. Lakini wengi walikuwa Waislamu, na Kings Rest walisali pamoja, wakasomesha watoto wao Kurani, wakaozana, wakazikana. Kimakua kilisemwa nyumbani. Kizulu walikisema na majirani, Kiingereza kazini, Kiarabu katika sala.

Kwa hesabu ya kawaida, watu 500 waliotawanywa namna ile wangepotea ndani ya vizazi viwili. Hawakupotea. Na ukiniuliza nguvu yao ilitoka wapi, nitakujibu kwamba walipata mahali pa kuonekana na wenzao kila siku. Palikuwa na mtu wa kuwauliza wanafanyaje harusi kwao. Palikuwa na mzee wa kumkatiza kijana akikosea neno. Mtoto alichekwa na watu wanaompenda, akasahihishwa na watu wanaomjua bibi yake. Akitoka hapo kwenda mjini kumtumikia bwana anayemwita "boi", ndani yake alikuwa na mahali ambapo yeye si boi wa mtu.

Sisi tuna methali yetu, mwacha asili ni mtumwa, na tunapenda kuwapigia vijana. Tunaisema kwa ukali, kana kwamba asili ni koti ambalo kijana amelivua kwa kiburi. Lakini Wamakua wa Natal walikuwa watumwa kweli, na asili hawakuiacha wao. Walinyang'anywa. Walichofanya ni kuishona upya, kipande hiki cha Msumbiji, kipande hiki cha Uislamu wa pwani, kipande hiki cha Durban. Kwa hiyo ninapowasikia wazee wetu wakiwaambia vijana walioko ugenini kwamba wamepoteza asili kwa sababu Kiswahili chao kimechanganyika, huwa naumia. Kuchanganyika si dalili ya kupotea. Wale wazee wa Kings Rest walichanganya kila kitu, na walibaki na uso wao.

Ilipofika miaka ya 1950 jaribu lao kubwa likaja, na hapa nitatulia kidogo kwa sababu ndipo penye utamu wa mambo, na pia uchungu wake.

Mwaka 1950 serikali ya ubaguzi ilipitisha sheria ya kumwandikisha kila mtu kwa rangi, na mwaka huo huo ikapitisha nyingine ya kugawa makazi kwa rangi. Kila mkazi wa Afrika Kusini alipaswa kuingia ndani ya kisanduku: Mzungu, Mwafrika, Chotara, Mwasia. Maofisa walipofika Kings Rest wakakwama. Mbele yao walikuwa watu wenye sura ya Kiafrika wanaoswali msikitini, wana jina la kisiwa cha Bahari ya Hindi na wanasema lugha ambayo hakuna Mzulu anayeielewa. Mara wahesabiwe Waafrika, mara Machotara. Kuhesabiwa Waafrika kulikuwa na maana yake: pasi mfukoni wakati wote, na kuhamishiwa kwenye vitongoji kama Umlazi au KwaMashu, mbali na misikiti yao. Wakapinga. Wakashika lile jina la Wazanzibari, wakaushika Uislamu wao, wakasaidiwa na rafiki zao wa Kihindi kubishana na serikali. Mwaka 1961 wakaandikwa rasmi kuwa "Waasia Wengine".

Hebu fikiri, Wamakua wa Msumbiji kuandikwa Waasia! Na haikuwaokoa wasihamishwe. Bluff ilikuwa imetengwa kwa ajili ya Wazungu. Katika miaka ile ya 1960 wakaondolewa Kings Rest, wakapelekwa Chatsworth, mji mpya uliojengwa kuwarundika Wahindi, na makazi yao yakawa sehemu iitwayo Bayview. Wako huko hadi leo. Mwaka 1973, miaka 100 kamili tangu Briton, mtafiti Zubeida Seedat wa Chuo Kikuu cha Natal aliandika tasnifu juu yao, na aliikuta jamii hai, yenye desturi zake, ndani ya mji wa Wahindi.

Je, walidanganya? Nimejiuliza sana. Kuna mtu atasema: hawa hawakuwa wenyewe, walijificha nyuma ya jina la kisiwa. Mimi siafiki. Jina la Wazanzibari walikuwa wamelibeba kwa karibu miaka 90, baba kwa mwana, na lilikuwa jina la jamii yao kwa haki kabisa. Walichagua upande upi wa nafsi yao wauonyeshe mbele ya karani mwenye nguvu ya kuwavunjia nyumba. Kadi ilisema Mwasia, nyumbani walisema Kimakua, na mtoto aliyelelewa pale alijua kwamba kadi ni ya serikali na yeye ni wa mama yake. Ila nisiache kusema na hili: ngao ile iliwatenga na majirani zao Wazulu, ambao walibeba mzigo mzito zaidi bila jina lolote la kuwasaidia. Watu wa zama zile walibanwa wachague kati ya mabaya, na aliyewabana ndiye mwenye lawama.

Mchezo huu wa majina haukuanza nao pale Durban. Mei 1893 alishuka bandarini kijana wa miaka 23, mwanasheria kutoka India, Mohandas Gandhi, aliyekuja kufanya kazi ya mfanyabiashara Dada Abdulla. Siku chache baada ya kufika akapelekwa mahakamani kuangalia mambo yanavyokwenda. Hakimu akamkazia macho, kisha akamwamuru avue kilemba. Gandhi akakataa, akatoka. Baadaye akaelezwa utaratibu: wafanyabiashara Waislamu wa Kihindi walikuwa wakijiita Waarabu, na wao waliruhusiwa kubaki na vilemba vyao. Wahindi wengine waliamriwa kuvua. Gandhi akafikiri labda avae kofia ya Kiingereza yaishe. Dada Abdulla ndiye aliyemkataza, akamwambia kilemba kinampendeza, na kwamba akivaa kofia ile watu watamdhania mhudumu wa hoteli. Basi akabaki na kilemba, akaandika gazetini kujitetea, na magazeti yakambishania.

Watu wengi wanaposimulia kisa hiki huishia hapo. Lakini mwaka uliofuata, 1894, Gandhi alipokubaliwa kuwa wakili wa Mahakama Kuu ya Natal, jaji mkuu alimtaka avue kilemba kufuata kanuni za mahakama, na safari hii alivua. Rafiki zake walikasirika, Dada Abdulla akiwa mmoja wao. Yeye akaona ana vita kubwa zaidi mbele na nguvu zake azitunze. Mimi huyapenda matukio hayo mawili yakiwa pamoja. Kijana aliyekataa mbele ya hakimu alikuwa na tajiri wa kumrudia jioni, mtu wa kumwambia kilemba chake ni kizuri. Na aliyevua mwaka mmoja baadaye hakupungukiwa kitu, kwa sababu alikwisha kujulikana ni nani. Kijana wangu wa Bukavu, ukivaa sare ya kazi yako na kuongea Kiingereza mbele ya mwenye gari, hujajisaliti. Swali ni jioni unarudi kwa nani.

Nimeitaja Bluff. Ukishuka kutoka Bluff kuelekea bara kidogo unafika Wentworth, palipojengwa viwanda vya mafuta. Huko ndiko walikopangiwa malazi wanafunzi Waafrika, Wahindi na Machotara wa kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Natal, katika mabweni yaliyoitwa Alan Taylor. Mwaka 1966, miaka michache tu baada ya Wamakua kuhamishwa pale jirani, akaingia mwanafunzi anayeitwa Steve Biko, kijana wa miaka 19.

Mwaka 1967 Biko alikwenda kwenye mkutano wa chama cha wanafunzi wa nchi nzima, chama kilichoongozwa na Wazungu waliopinga ubaguzi. Mkutano ulifanyika Chuo Kikuu cha Rhodes, na chuo kikakataza wajumbe weusi kulala bwenini pamoja na wenzao. Wenyeji wao walisikitika, wakalaani, na mkutano ukaendelea. Biko na wenzake wakaondoka na fikra moja: hawa ni rafiki zetu, lakini hata hasira yetu wanatusemea wao. Wakaunda chama chao, SASO, kilichozinduliwa mwaka 1969. Ofisi yake ilikuwa Durban, 86 Beatrice Street. Wakakataa kuitwa "wasio weupe", yaani kutajwa kwa kile wasichokuwa, wakajiita weusi. Na ndani ya weusi huo wakawaita Waafrika, Wahindi na Machotara pamoja. Kwa hivyo vile visanduku vya mwaka 1950, ambavyo Wamakua walilazimika kuponea ndani yake, vijana hawa wakavivunja vikiwa bado vina nguvu ya sheria.

Biko alisema wazi kwamba silaha kubwa ya mtawala ni akili ya anayetawaliwa, na wengi wanalikumbuka hilo. Mimi naikumbuka zaidi ile ofisi ya Beatrice Street. Fikra ile haikuota kichwani mwa mtu aliyejifungia chumbani kujikuza. Ilipikwa mabwenini Wentworth, kwa mabishano ya usiku, na wanafunzi waliokuwa wakikopeshana vitabu na sigara. Biko alifukuzwa kitivoni mwaka 1972. Mwaka 1973 alipigwa marufuku na kufungiwa King William's Town, na tarehe 12 Septemba 1977 alikufa mikononi mwa polisi, na miaka 30. Serikali ile ilijua inachokiogopa. Amri ya kumpiga marufuku ilimkataza kukaa na zaidi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja.

Huku kwetu naye yuko wa kumtaja, na wengi mmeshamkumbuka. Siti binti Saad wa Fumba, binti wa mfinyanzi, aliyeingia mjini Unguja akitembeza vyungu. Taarabu ya wakubwa wakati ule iliimbwa Kiarabu. Siti akaiimba Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Alichekwa kwa ushamba wake, akachekwa kwa sura yake, na kejeli akazijibu kwa wimbo. Tunamsifu kwa ujasiri, na ni haki yake. Lakini tusiwasahau waliokuwa nyumbani kwake Ng'ambo, akina Subeti Ambari, Budda Swedi, Mbaruk na Maalim Shaaban, waliokaa naye usiku hadi usiku wakitunga na kupiga. Kabla Bombay haijaisikia ile sauti, Ng'ambo ilikuwa imeshaikubali.

Sasa turudi kwa dada yetu wa Tanga asiyepokea simu ya mama yake ndani ya teksi. Simlaumu hata kidogo, na ninaomba mtu yeyote asimlaumu. Mei 2008 vurugu dhidi ya wageni zilipolipuka Afrika Kusini, watu 62 waliuawa. Kulikuwa na waliosimamishwa barabarani na kuulizwa kiwiko cha mkono kinaitwaje kwa Kizulu, na kushindwa kujibu kulikuwa hatari ya maisha. Aprili 2015 moto ukawaka Durban yenyewe, kuanzia Isipingo. Wakongo, Wamalawi, Warundi, Wamsumbiji na wengine wakakimbia nyumba zao na kulala kwenye mahema, na mojawapo ya kambi hizo ilikuwa Chatsworth, mji ule ule wa Wamakua wetu. Mtu aliyepitia hayo akishusha sauti barabarani, anajilinda. Mwaka 2018 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa kuwa somo la hiari shuleni, na nililifurahia tangazo lile kwa moyo wote. Lakini tangazo la waziri haliwezi kumpa dada huyu usalama wa teksi ya saa moja usiku, na sitamwambia apaze sauti kwa ajili ya fahari yetu sisi tulioko mbali.

Ninachomwambia ni hiki. Dada, tafuta mahali pa kupaza. Kama kila siku ni teksi, saluni, chumba, na Jumapili ni kulala tu, basi ile sauti ya chini ya teksini itakuwa ndiyo sauti yako ya pekee, na utaanza kuamini kwamba ndiyo wewe. Hapo ndipo mtu anapoharibika. Wamakua waliinamisha kichwa mbele ya karani, wakakiinua wakifika Kings Rest. Wangekosa Kings Rest, kile kichwa kingesahau kuinuka. Pale Durban mahali papo. Wakongo wa Kivu wana ibada zao za Kiswahili. Waislamu wa pwani wana maulidi na darasa. Wenye kucheza mpira wana timu. Nenda, hata ukiwa umechoka, nenda ukacheke kwa sauti, ugombane kuhusu pilau ya nani ina bizari zaidi, uitwe kwa jina lako lote la kwenu.

Nao Wazanzibari wa Bayview hawajamaliza mjadala wao. Baada ya mwaka 1994 mipaka ilipolegea, walianza kukutana tena na ndugu wa Msumbiji, masheikh na wahamiaji wanaosema Kimakua cha leo. Basi kukazuka swali: tujiite Wazanzibari au tujiite Wamakua? Wapo wanaosema jina la Zanzibari ni la daftari la Waingereza, tulitupe. Wapo wanaosema ni jina la wazee wetu waliozikwa Bluff, hatulitupi. Mimi ni wa pwani na jina hilo ni letu pia, kwa hiyo nakaa pembeni kwa heshima. Ila nawaonea fahari, kwa sababu watu wanaobishana wenyewe kwa wenyewe juu ya jina lao, bila afisa yeyote kusimama mlangoni na fomu, wameshafika mahali ambapo mababu zao walioshuka kutoka Briton wasingeota.

Namalizia na yule baba wa Uvira aliyekatazwa langoni mwa shule, kwa sababu swali lake ndilo lenye haraka zaidi. Baba, usigombane na mtoto, na usiache Kiswahili nyumbani ili umfurahishe. Kizulu akisome, tena akisome vizuri, na wewe jifunze kwake, umwombe akusahihishe mezani mbele ya mama yake. Wamakua wa Bluff walisema Kizulu na majirani zao kwa vizazi vingi, na Kimakua hakikufa kwa sababu hiyo. Kilichokidhoofisha ni kutawanywa, na wazee kuondoka kabla ya kuulizwa. Kwa hiyo Jumamosi jioni mpeleke mtoto kwenye nyumba nyingine yenye watoto wanaozungumza kama yeye, hata kama ni familia tatu tu katika sebule ndogo ya mtaa wa Albert Park, na zamu nyingine wao waje kwenu. Anzeni Jumamosi hii.